Daraja la Maporomoko ya Victoria: Tao Moja, Mizigo Mingi

Mwenyekiti wa kikao, walimu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaosomea ujenzi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie historia ya daraja moja kongwe la chuma. Yapo mengi mashuhuri Ulaya na Marekani, lakini nimechagua la huku kwetu Afrika, lililovuka korongo la Zambezi mwaka 1905 na ambalo hadi leo linaunganisha Zambia na Zimbabwe. Wengi wakilitaja huanza na mandhari, au na wale vijana wanaojirusha wakiwa wamefungwa kamba miguuni. Leo tulitazame kwa mzigo wake. Tao la chuma ni lile lile la mwaka 1905. Kilichobadilika ni kile kinachopita juu, na kila kilipobadilika, kuna sehemu ya daraja iliyolazimika kubadilika pia.

Tuanze na umbo, maana bila umbo hatutaelewana huko mbele. Fundi yeyote aliyepaua nyumba anaijua kenchi. Vipande vinafungwa kwa pembetatu kwa sababu pembetatu haiwezi kulala mpaka kipande kimoja kikatike, kirefuke au kifupike, ilhali fremu ya pembe nne ukiisukuma ubavuni inalala. Daraja hili ni kenchi ya chuma iliyopindwa upande wa chini ikawa tao. Chuma cha juu kimelala, cha chini kimepinda, na kati yao zimesimama nguzo na vyuma vya mshazari. Kutoka mguu hadi mguu ni futi 500, yaani zaidi kidogo ya mita 150, na urefu huo umegawanywa vyumba 20, yaani nafasi kati ya nguzo na nguzo, vya futi 25 kila kimoja. Kimo cha kenchi katikati ni futi 15 tu, kama mita 4.6, lakini ukifika kwenye miguu kinakuwa futi 105, mita 32. Pembeni kuna kenchi mbili fupi, moja ya futi 62.5 na nyingine ya futi 87.5. Jumla futi 650, takriban mita 198, na chini yake kuna mita zipatazo 128 hadi kwenye maji wakati wa kiangazi.

Kenchi ziko mbili, sambamba, na hazikusimama wima. Juu zimeachana kwa futi 27 na nusu, chini kwenye miguu zimeachana kwa futi 53 na inchi 9. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila futi nane za kwenda chini, kila kenchi inatoka nje futi moja. Sababu ni upepo. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 daraja la reli la Tay huko Uskoti liliangushwa na dhoruba, treni ikiwa juu yake, na tangu siku hiyo mhandisi wa Uingereza hakuthubutu kusimamisha daraja refu la chuma kwa miguu iliyobanana. Daraja la Forth la mwaka 1890 lilitanua miguu, na hili la Zambezi likafuata.

Chini kabisa, kila mguu umekaa juu ya bawaba, yaani pini nene ya chuma inayouruhusu mguu kuzunguka kidogo. Jua likiwaka, chuma kinarefuka, na kwa kuwa miamba ya pande mbili haisogei, tao linajiinua katikati. Bawaba zinalipa nafasi ya kufanya hivyo bila kupasua zege la msingi. Lakini bawaba mbili haziondoi mkazo wote wa joto, unabaki mwingine ndani ya chuma. Ndiyo maana siku ya kuziba tao katikati ilihesabiwa kwa uangalifu mkubwa, na nitairudia.

Mchoro ulikuwa wa G. A. Hobson wa kampuni ya Sir Douglas Fox and Partners ya London, na kijana mmoja aliyesaidia hesabu alikuwa Ralph Freeman, ambaye baadaye jina lake litahusishwa na daraja la Bandari ya Sydney. Kwa nini tao? Kwa sababu mahali penyewe palilidai. Korongo lina kuta za mwamba mgumu pande zote mbili, na tao linasukuma kwa nje kwenye miguu yake, kwa hiyo linahitaji kitu kigumu cha kulisukuma nalo. Daraja la kuning'inia lingekuwa jepesi kuvusha, lakini treni inapopita lingeyumba. Kujenga nguzo katikati ya korongo hakukuwezekana hata kufikirika, maji yale hayana msimu wa kuyachezea.

Kuhusu mahali, Cecil Rhodes, tajiri na mkoloni Mwingereza, ndiye aliyetaka reli ivuke karibu kiasi kwamba manyunyu ya maporomoko yaangukie mabehewa. Alifariki mwaka 1902 bila kuyaona maporomoko yenyewe. Matakwa yake wahandisi wa matunzo wameyalipia kwa brashi za rangi mpaka leo, maana chuma na manyunyu hawajawahi kuwa marafiki.

Kazi ya chuma ilipewa Cleveland Bridge and Engineering Company ya Darlington, kaskazini mwa Uingereza. Hapo kiwandani vyuma vilikatwa, vikatobolewa, vikaunganishwa kwa majaribio uwanjani kuona kama matundu yanalingana, kisha vikafunguliwa na kutiwa alama. Vijana, lishikeni jambo hili. Chuma kisicholingana Darlington kinarekebishwa kwa saa moja. Kisicholingana juu ya Zambezi kinasimamisha kazi nzima, kwa sababu kutoka kiwandani vyuma vilisafirishwa kwa meli hadi Beira, kisha kwa reli kupitia Salisbury, ambayo leo ni Harare, na Bulawayo, ndipo vikafika kwenye maporomoko. Reli yenyewe ilifika pale Aprili 1904.

Hata hivyo kosa kubwa halikutokea kwenye chuma, lilitokea kwenye msingi. Wapimaji walichora ukuta wa korongo wakiutazama kutoka ng'ambo, na upande mmoja waliona kitu kama kibao cha mwamba, kimefunikwa na majani na vichaka. Walipokisafisha wakakuta ni kifusi cha mawe yaliyooza. Chuma kilikuwa kimeshatayarishwa kwa futi 500, huwezi kukirefusha. Walichofanya ni kuchimba ndani zaidi hadi mwamba wa kweli, wakajaza zege, na daraja zima wakalishusha kama futi 20 chini ya kimo cha mchoro wa kwanza. Kumbukeni korongo linazidi kuwa jembamba kadiri unavyoshuka, kwa hiyo kushusha daraja kulirudisha umbali wa miguu kwenye kipimo cha chuma kilichokuwepo. Suluhisho zuri, lakini lilitokana na kupima kwa macho mahali palipohitaji sururu.

Sasa unavushaje kamba ya kwanza? Georges Imbault, mhandisi Mfaransa aliyesimamia kazi pale, alirusha fataki iliyobeba uzi hadi ng'ambo. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya mwembamba, mwembamba ukavuta mnene, mpaka ukapatikana mtambo wa waya wa kubebea mizigo, uliokwenda kwa umeme na kubeba tani 10 kwa mara moja. Mtambo huo haukutumika kwa daraja pekee. Reli ya upande wa kaskazini ilianza kujengwa kabla daraja halijafungwa, na vifaa vyake vyote, reli, mataruma na mengineyo, vilivushwa hewani juu ya korongo. Mafundi wa Kizungu walikuwa makumi machache, vibarua Waafrika wapatao 200. Taarifa za wahandisi zinawataja wale wa kwanza kwa vyeo na majina, hawa wa pili kwa hesabu.

Tao halisimami mpaka likamilike. Nusu tao, ikijitokeza futi 250 hewani kutoka kwenye ukuta, inataka kuanguka mbele, basi lazima ishikwe kwa nyuma. Kila upande walichimba mashimo mawili kwenda chini kwenye mwamba, kama futi 30, wakayaunganisha kwa chini kwa handaki, wakapitisha nyaya za chuma kuzunguka mwamba huo na kuzifunga kwenye chuma cha juu cha kenchi. Juu ya mwamba uliofungwa wakapanga reli zenye uzito wa tani 500 kuongeza uzito. Hapo kila nusu ikawa na mkono wa kuishika, na kreni zikatembea juu ya chuma kilichokwisha fungwa, zikishusha kipande kinachofuata mbele yake. Chini walining'iniza wavu mkubwa.

Angalieni jambo moja ambalo michoro ya vitabuni haionyeshi vizuri. Wakati wa kujenga, chuma cha juu kinavutwa kwa sababu nyaya zinakishika. Tao likishafungwa na nyaya kulegezwa, mzigo unahamia kwenye kusukuma, na vyuma vingine vinabadilisha kazi kabisa. Kwa hiyo kila kipande kilihesabiwa mara mbili, kwa siku za ujenzi na kwa siku za treni. Daraja linaweza kuanguka katika hali ya kwanza kama mchoraji aliikumbuka ya pili tu.

Zikafika siku za mwisho wa Machi 1905. Mto ulikuwa unajaa na manyunyu yanawalowesha watu waliokuwa juu. Jioni ya tarehe 31 walipokaribia kuunganisha katikati, vyuma vya pande mbili vilizidiana kwa inchi moja na robo, kama milimita 32. Havikuingia. Asubuhi ya tarehe 1 Aprili, kabla jua halijapata nguvu, vikakaa sawasawa, wakaviunganisha. Hakuna muujiza hapo. Chuma kinarefuka takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chukua mita 152 za tao, zidisha kwa 0.000012, zidisha kwa nyuzi 17 za tofauti kati ya chuma kilichopigwa na jua mchana kutwa na chuma kilicholala kwenye baridi ya manyunyu: unapata milimita 31. Nyaya za kushikilia nazo zilifupika usiku huo, zikasaidia. Kilichotakiwa ni kujua kusubiri, na kutotumia nyundo jioni ile.

Ribiti, yaani pini za chuma zinazobana bamba kwa vichwa vya pande zote mbili, zikamaliziwa, sakafu ikalazwa, na tarehe 12 Septemba 1905 Profesa George Darwin, mtoto wa Charles Darwin na rais wa Chama cha Sayansi cha Uingereza wakati huo, akalifungua rasmi. Gharama ilikuwa paundi 72,000, na chuma kilichotumika ni zaidi ya tani 1,500.

Sasa mizigo. Lilijengwa kwa upana wa njia mbili za reli. Reli ya kipimo cha Cape, yaani milimita 1,067 kati ya chuma na chuma cha reli, ilisonga kaskazini: Broken Hill, Kabwe ya leo, mwaka 1906, mpaka wa Kongo mwaka 1909, Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910. Ndugu zetu wa Katanga wanaozungumza Kiswahili wanaishi kwenye mji uliolelewa na reli hii. Makaa ya mawe ya Wankie, sasa Hwange, yalipanda kaskazini juu ya tao hili kwenda kwenye tanuri za shaba, na shaba ikashuka kusini kwenda baharini Beira. Kwa mhandisi hiyo ina maana moja: mabehewa mazito pande zote mbili, siyo yale yanayokwenda yamejaa na kurudi matupu.

Treni za mvuke zilikuwa na tabia mbaya ambayo wengi wenu hamjaiona. Magurudumu ya kichwa cha treni yana vyuma vya kusawazisha fito zake, na kila zunguko vinaipiga reli kama nyundo. Mwendo ukiongezeka pigo linakua kwa mraba: ongeza mwendo mara mbili, pigo linakuwa mara nne. Tao kubwa halijali sana, uzito wake wenyewe unalituliza. Wanaoumia ni boriti ndogo za sakafu zinazobeba reli moja kwa moja, na viungo vyake. Vichwa vya aina ya Garratt, vilivyoanza kutumika kwenye reli za Rhodesia mwaka 1926, vilikuwa vizito mno kwa jumla lakini vilitandaza uzito wao kwenye ekseli nyingi na urefu mkubwa, na daraja linapenda zaidi tani nyingi zilizotawanyika kuliko chache zilizokusanyika mahali pamoja.

Kisha yakaja magari. Mwaka 1929 hadi 1930 sakafu ya zamani ilitolewa, ikajengwa mpya iliyoinuliwa zaidi ya mita moja na kupanuliwa. Njia ya reli ikawa moja, ikaongezwa barabara, na njia ya waenda kwa miguu. Tao lenyewe halikuguswa kwa maana ya kubadilishwa. Ukitaka kuona mpaka kati ya mwaka 1905 na 1930, simama upande uangalie: kila kilicho juu ya chuma cha juu cha kenchi ni cha kazi ya pili.

Mzigo uliofuata ulikuwa wa siasa, na huu ulifanya daraja liwe jepesi kupita kiasi. Serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru mwaka 1965, na Januari 1973 ikafunga mpaka na Zambia. Smith alipotaka kuufungua, Rais Kaunda wa Zambia akakataa, na mizigo haikuruhusiwa tena mpaka mwaka 1978. Tarehe 25 Agosti 1975 behewa liliegeshwa katikati ya daraja, ujumbe wa Smith ukikaa upande wake wa mpaka na ule wa Waafrika waliodai uhuru upande wa Zambia, Kaunda na Vorster, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, wakiwa wasimamizi. Mazungumzo yalivunjika upesi. Kwa upande wa uhandisi, hilo ndilo lilikuwa jaribio jepesi kuliko yote daraja lilivyowahi kupewa.

Kufungwa huko ndiko kulikoipa uzito TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza 1970 na ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Huwa tunasahau kwamba TAZARA ilijengwa kwa kipimo cha milimita 1,067, siyo mita moja kamili kama Reli ya Kati, hasa kwa sababu ilikusudiwa kuungana na reli hii hii inayopita juu ya tao la Zambezi. Behewa linaloondoka Dar linaweza kufika Bulawayo bila kubadilisha magurudumu. Lile la Tabora haliwezi.

Baada ya hapo ndipo walipokuja wageni wabaya zaidi, malori. Treni inapita mara chache kwa siku, kwa mwendo unaojulikana na uzito ulioandikwa. Lori linapita muda wote, mengine yamezidisha mzigo, yanafunga breki, yanasimama, yanaondoka. Breki inasukuma sakafu kwa mbele, na nguvu hiyo lazima iende kwenye viungo ambavyo mwaka 1930 havikuwaza semitrela. Chuma hakichoki kwa mzigo mkubwa mmoja, kinachoka kwa mzigo wa wastani uliorudiwa mara milioni. Ndiyo maana malori mazito yaliamriwa kupita moja moja, polepole. Nafuu ya kweli ilikuja daraja la Kazungula, lenye urefu wa mita 923 kati ya Zambia na Botswana, lilipofunguliwa Mei 2021 na kuvuta sehemu kubwa ya magari hayo.

Nimalizie na matunzo, maana baadhi yenu mna madaraja ya kenchi ya wakoloni kwenye barabara zenu za wilaya, na ugonjwa ni ule ule.

Kutu ya juujuu, ile nyekundu inayoonekana, haiogopeshi sana. Ogopa kutu iliyojificha kati ya bamba mbili zilizobanwa kwa ribiti. Maji yanaingia kwenye ufa wa rangi, chuma kinageuka kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Inabana kwa nguvu ya kutosha kuzipinda bamba na kung'oa vichwa vya ribiti. Ukiona ukingo wa bamba umekuwa na mawimbi kati ya ribiti na ribiti, ndani kumeharibika tayari. Kuipaka rangi juu ni kuufungia ugonjwa ndani.

Ribiti inapimwa kwa nyundo ndogo na kidole. Weka kidole upande mmoja wa kichwa, gonga upande wa pili kwa ubavu. Iliyokaza inalia kwa sauti kali na kidole hakisikii kitu. Iliyolegea inatoa sauti ya kufa na kidole kinasikia inacheza. Angalia pia mstari wa vumbi jekundu unaoteremka chini ya kichwa, huo ni chuma kinachosagana. Ribiti mbovu hutolewa moja baada ya nyingine na mahali pake kuwekwa bolti ya nguvu ya juu kabla ya kugusa inayofuata. Usitoe tatu kwa pamoja kwa sababu kompresa imefika na fundi ana haraka.

Usichomelee chuma cha zamani kabla ya kupeleka kipande maabara. Chuma cha miaka ile kinaweza kuwa na fosforasi na salfa kiasi kwamba weldi inapasuka pembeni mwake ikipoa, na ufa mdogo kwenye chuma kinachovutwa unatembea. Na kabla ya kukwangua rangi ya zamani, ichunguze kama ina madini ya risasi. Nyingi zinayo, na vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya fundi na kwenye maji ya walio chini.

Safisha bawaba na pembe zote za chini. Mchanga, majani na kinyesi cha ndege hukaa hapo na kushika unyevu mwaka mzima. Bawaba iliyoganda kwa kutu haizunguki tena, na mkazo wa joto ambao ilitakiwa kuupunguza unakwenda kwenye zege.

Atakayebahatika kufika Livingstone au Victoria Falls, ziko ziara zinazopitisha watu chini ya sakafu wakiwa wamefungwa mikanda. Zifanye, lakini msiishie kupiga picha za manyunyu. Tazameni boriti za sakafu zinapoungana na kenchi, mhesabu bolti zilizochukua nafasi ya ribiti. Bolti mtaijua kwa nati yake ya pembe sita, ribiti ina kichwa cha duara pande zote mbili. Hesabu hiyo mkiipanga chumba kwa chumba, kutoka mguu mmoja hadi wa pili, itawaonyesha ni wapi magurudumu yamekuwa yakipiga. Sasa karibuni kwa maswali.